Toa Maji Kwenye Mtungi wa Upepo

Nazungumza hasa nanyi, mafundi pancha, mafundi wa gereji, wapaka rangi, maseremala mnaopulizia vanishi, na wewe kijana wa kuosha magari uliyenunua kompresa kwa mkopo wa kikundi. Leo mazungumzo ni yenu. Na wewe usiye fundi, usizime redio. Kila mara unasimamisha pikipiki au baiskeli yako pembeni ya mashine hii na kusema, "Fundi, niongezee upepo." Kwa hiyo yanakuhusu pia.

Nazungumzia ile kompresa ndogo ya kuhamishika, yenye magurudumu mawili. Mtungi umelala chini, juu yake kuna mota na kichwa cha pampu, ubavuni mkanda unazunguka. Asubuhi inavutwa nje ya kibanda, jioni inarudishwa ndani. Imewapa vijana wengi riziki, nami naiheshimu kwa hilo. Lakini nataka tuelewane jambo moja, na mengine nitakayosema yatakuwa yanalizunguka hilo. Mtungi wa kompresa huoza kutokea ndani, mahali jicho halifiki, na kinachouozesha ni maji ambayo wewe hukuyatia.

Utaniuliza, maji yametoka wapi na mimi sijamimina hata tone?

Weka glasi ya maji ya baridi mezani hapa Dar es Salaam, au Tanga, au Unguja, au Mombasa. Haitapita muda, glasi imelowa kwa nje. Maji yale hayakupenya kwenye kioo, yametoka hewani. Hewa yetu ya pwani imebeba maji mengi tusiyoyaona. Sasa kompresa inavuta hewa hiyohiyo, inaishindilia, inaingia mtungini ikiwa ya moto. Ikishapoa mle ndani haiwezi tena kubeba maji yote iliyokuja nayo. Yanageuka matone, matone yanateremka, yanakusanyika chini ya tumbo la mtungi. Ni mengi kiasi gani? Mashine inayovuta lita 200 za hewa kwa dakika, siku ya joto na unyevu wa pwani, ikifanya kazi saa nzima bila kupumzika inaweza kuacha karibu robo lita ya maji. Saa moja tu hiyo. Sasa fikiria mashine ambayo haijafunguliwa koki tangu ilipotolewa dukani.

Koki ninayoisema iko chini kabisa ya mtungi, katikati ya tumbo au karibu na magurudumu. Wengine hawajawahi kuiona. Imekaa mahali pabaya, ni lazima uchuchumae na kupapasa kwa mkono, na ndiyo sababu moja kubwa ya kusahauliwa.

Basi maji yanakaa, chuma kinaliwa. Kwa nje rangi nyekundu au ya buluu bado inang'aa, maandishi ya kiwandani yanasomeka vizuri, mteja anasema, "Fundi, mashine yako bado mpya." Kwa ndani bamba linakonda siku hadi siku.

Na hapo ndipo lazima tuzungumze kuhusu nguvu iliyomo. Geji ikisoma bar 8, maana yake kila eneo la sentimita moja ya mraba ndani ya mtungi linasukumwa kwa uzito wa kilo 8 hivi. Utasema kilo 8 ni kitu gani. Haya, chukua futi, upime lile pande la duara linaloziba mwisho wa mtungi. Likiwa na kipenyo cha sentimita 30, basi nguvu inayolisukuma litoke ni zaidi ya tani 5 na nusu. Narudia, kwa sababu nataka ulikumbuke kesho ukiwa umekaa mbele yake: tani 5 na nusu, zinasukuma pande moja la chuma. Mtungi mpya umeundwa kuzihimili, tena kwa akiba ya kutosha. Mtungi uliooza hauna akiba hiyo tena, na hautakutumia taarifa.

Tena upepo si kama maji. Maji hayashindiliki. Mtungi uliojaa maji ukichanika, yanamwagika na mambo yanaishia hapo. Ndiyo maana wakaguzi wakitaka kupima uimara wa mtungi huujaza maji kwanza, kisha ndipo hupandisha presha. Upepo ulioshindiliwa ukipata mwanya hutanuka wote kwa mkupuo mmoja na kuondoka na chuma. Mtungi unararuka, unarushwa, na aliyekaa karibu hana nafasi ya kukimbia.

Kwa hiyo, mafundi wangu, kila jioni toeni maji. Namna ya kufanya ni hii. Zima mashine. Punguza upepo mtungini mpaka geji ifike kwenye bar 1 hivi, maana huo mdogo uliobaki ndio utakaosukuma maji nje. Vaa miwani, weka kopo chini ya koki, kisha ifungue taratibu, si kwa pupa. Itatema. Yanaweza kutoka maji ya rangi ya maziwa, hayo yamechanganyika na oili ya pampu. Yakitoka mekundu, kutu imeanza kazi. Ukiona yanatoka na maganda ya kutu, vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, usiujaze mtungi huo tena mpaka mtu anayejua aupime. Inamisha mashine kidogo upande wa koki ili ya mwisho nayo yatoke, na ukishamaliza iache koki wazi usiku kucha. Maji yenyewe usiyamwage mtaroni, yana oili.

Na kama koki yako imekaa pabaya, mwambie fundi bomba akufungie kiungo cha kona na kipande kifupi cha bomba la chuma, koki ije pembeni unapoweza kuifikia bila kupiga magoti. Kazi hiyo ifanywe mtungi ukiwa mtupu kabisa, na vifaa viwe vya kuhimili presha ya mtungi. Ni gharama ndogo, nayo inabadilisha tabia. Koki inayofikika hufunguliwa.

Sasa naomba nizungumze jambo linaloniuma. Mtungi uliooza wakati mwingine huanza kwa kutoboka tundu dogo, kama la sindano. Unasikia sss, unapaka povu la sabuni, unaliona linapovuja. Huo ni mtungi unaokuonya kabla haujakudhuru. Na sisi tunafanya nini? Tunampelekea mchomeleaji. Anaweka tone la chuma pale kwenye tundu, analisugua, tunapaka rangi, kesho kazi inaendelea. Lakini tundu limetokea pale kwa sababu eneo zima la chini limekonda. Ukichomelea umeziba sehemu moja na kulipa joto bamba jembamba linaloizunguka. Umeunyamazisha mtungi uliokuwa unakuonya. Tafadhali sana, mtungi wa kompresa uliotoboka kwa kutu hauchomelewi. Unatupwa, na kabla ya kutupwa unakatwa au kutobolewa matundu makubwa ili asije mwingine akauokota na kuufanyia kazi.

Tuko pamoja, wasikilizaji? Tumesema maji, tumesema kutu, tumesema usichomelee. Tuingie kwenye valvu ya usalama.

Miezi kadhaa iliyopita nilisimama kwa kijana mmoja kando ya barabara ya Morogoro kuongeza upepo. "Shikamoo mzee," akanisalimu, huku ameshauvuta mpira. Nilipoitikia, macho yangu yalikuwa kwenye mtungi. Pale penye valvu ya usalama, ile ndogo ya shaba yenye kipete cha kuvuta, palikuwa na bolti. Imezungushiwa ile tepu nyeupe ya mabomba na kukazwa sawasawa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, valvu iko wapi?"

"Ilikuwa inapumua ovyo, mzee. Inanimalizia upepo. Kuna jamaa akanizibia."

Nikatazama geji. Kioo kimepasuka, sindano imelala kwenye sifuri, na mashine inanguruma. Kijana yule si mzembe. Spana zake zilikuwa zimepangwa kwa ukubwa kwenye kipande cha turubai, zimefutwa oili. Hakuna aliyewahi kumweleza tu. Valvu haikuwa inapumua ovyo. Swichi ya presha ilikuwa imeharibika, haizimi mota presha ifikapo bar 8, presha inazidi kupanda, na valvu ndiyo iliyokuwa inatoa ziada ili mtungi usipasuke. Ilikuwa inamwokoa mara kadhaa kwa siku, naye akaiziba. Nashukuru alizima mashine palepale mbele yangu, na nilipopita tena nilikuta valvu mpya, geji mpya na swichi mpya. Valvu peke yake bei yake haifikii tairi moja la pikipiki.

Basi, valvu ikipumua, usiizibe. Jiulize kwa nini inapumua. Usiikaze parafujo yake ili ifungue kwa presha kubwa zaidi. Na usisubiri ipumue yenyewe ndipo ujue ni nzima. Mara kwa mara, mtungi ukiwa na upepo, weka uso pembeni, vuta kile kipete kidogo. Itoe upepo kwa nguvu, ukiachia ijifunge. Isipotoa, au isipojifunga, badilisha.

Haya, tuiweke mashine mahali pake. Sehemu tambarare, magurudumu yamezuiwa kwa jiwe au kigingi, kivulini lakini penye hewa. Pampu ikifanya kazi inachemka sana, kwa hiyo usiisukume mpaka ukutani, iache nafasi ya kupumua, nusu mita hivi. Usiifungie ndani ya kibanda cha bati. Kama inatumia injini ya petroli hilo ni la kufa na kupona. Moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ndani ya chumba inaua mtu akidhani amepatwa na usingizi. Petroli ijazwe injini ikiwa imezimwa na kupoa. Na wewe mpaka rangi, iweke mashine mbali na unapopulizia. Isivute mvuke wa thina na rangi, maana swichi yake inatoa cheche.

Kabla ya kuwasha tazama oili kwenye kile kidirisha cha duara. Kiwango kiwe kwenye alama, si chini, si kufurika. Tumia oili iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine, na kwa pampu nyingi hiyo ni oili ya kompresa, si ile ya injini ya gari uliyobakiza. Zungusha macho kwenye mkanda. Ile kinga ya waya inayoufunika iko wapi? Mafundi wengi huivua siku wanapobadilisha mkanda, nayo haijarudi mpaka leo. Mkanda ule unakamata kanga, unakamata mkono wa shati, unakamata vidole vya mtoto aliyekuja na mama yake kujaza baiskeli. Irudishe.

Umeme nao una maneno yake. Mashine ichomekwe kwenye soketi yenye waya wa ethi. Na hapa nina ombi kwa wale wanaovuta eksitensheni ndefu nyembamba kutoka duka la jirani. Waya mwembamba ukiwa mrefu unapunguza nguvu ya umeme inayofika kwenye mota. Mota inahangaika kuanza, inanguruma bila kuzunguka, inachemka, inaungua. Waya wenyewe unachemka, hasa ukiuacha umeviringishwa. Ukitaka kufika mbali, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya wa umeme. Nasema tena: refusha mpira, si waya.

Halafu kuna hili la umeme kukatika. Umeme umekwenda, mashine imenyamaza, wewe unaona ni nafasi nzuri ya kugusa mkanda au kufuta vumbi kwenye feni. Dakika tano baadaye umeme unarudi na hakuna anayekupigia hodi. Mashine inaanza yenyewe na mkono wako uko ndani. Kwa hiyo umeme ukikatika, cha kwanza kabisa ni kuweka swichi kwenye kuzima, kisha kuchomoa plagi.

Na kuzima kwenyewe, zima kwa swichi ya mashine, usichomoe tu plagi ukutani. Unajua ule mlio wa psss unaosikika mashine ikizima? Ni kidude kidogo kwenye swichi ya presha kinachotoa upepo uliobaki juu ya pistoni, ili safari ijayo mota ianze bila mzigo. Ukichomoa plagi bila kuzima, upepo ule unabaki pale, na mota inaanza ikiwa imebanwa. Usiposikia ule mlio, kuna kitu kimeharibika, mwite fundi kabla mota haijaungua.

Mipira ya upepo nitaisema kwa kifupi. Iliyopasuka, ikatwe au itupwe. Isifungwe kwa vipande vya tyubu. Tumia klipu za chuma. Usichomoe mpira wakati una upepo, kwa sababu ncha yake itapiga kama mjeledi na macho ndiyo yako karibu. Na mabomba ya plastiki ya maji hayafai kusambazia upepo gereji, hata kama ni ya bei nafuu na yanaungwa kwa gundi. Yakipasuka hurusha vigae vyenye makali.

Sasa watu. Hapa naomba wazazi na wenye gereji mnisikilize kwa makini. Jioni kazi ikiisha, tunaelekezeana mpira, tunapuliziana vumbi kwenye nguo. Tunaona ni upepo tu. Lakini upepo wa presha unaweza kupenya mwilini kupitia kidonda kidogo, unaweza kupasua ngoma ya sikio, unaweza kutia chembe ya chuma ndani ya jicho. Nchini Marekani kanuni za usalama kazini zinataka hata upepo wa kusafishia vifaa ushushwe chini ya PSI 30, pamoja na kinga ya macho. Sisi tunajipulizia vifuani kwa PSI 100 na zaidi.

Na kuna lililo baya kuliko hayo. Mwezi wa Agosti 2015, katika mji wa Khulna nchini Bangladesh, mtoto wa kiume aliyekuwa akifanya kazi gereji aliuawa kwa upepo wa kompresa aliosukumiwa mwilini kupitia njia ya haja kubwa. Mahakama iliwatia watu wawili hatiani kwa mauaji. Ule ulikuwa ukatili wa makusudi. Lakini mpira uleule mikononi mwa vijana wanaotaniana unafanya madhara yaleyale, kwa sababu utumbo wa binadamu hauna uwezo wa kuhimili presha hiyo hata kwa kufumba na kufumbua, na hata aliyevaa nguo hajakingwa. Mwenye gereji, utani wa namna hiyo upige marufuku siku ya kwanza unayompokea kijana kazini. Usingoje uuone.

Wale wa matairi ya malori, nanyi sijawasahau. Rimu yenye pete ya kufungia, ile inayovuliwa vipande, ikikaa vibaya au ikiwa na kutu, pete huruka wakati unajaza. Tairi liwekwe ndani ya kizimba cha chuma, tumia mpira mrefu wenye ncha inayojishika yenyewe, nawe simama pembeni, usiiname juu ya rimu. Nimeona wanaokaa juu ya tairi ili lisitikisike. Msifanye hivyo, jamani. Teremkeni. Na mteja, ukimwona fundi anajaza tairi la lori, mpe nafasi, mwondoe mtoto.

Hapa Tanzania Bara tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala unaoisimamia, OSHA, una wakaguzi wa mitungi ya presha. Mwenye gereji, mkaribishe mkaguzi, usimfungie mlango. Na wewe unayenunua kompresa iliyotumika, usishawishiwe na rangi. Omba ifunguliwe koki mbele yako, uone kinachotoka. Tazama chini ya tumbo kama kuna alama ya kuchomelewa. Vuta kipete cha valvu. Washa, kaa na geji mpaka mashine izime yenyewe. Muuzaji akikukatalia hata moja kati ya hayo, bakiza fedha yako mfukoni.

Ombi langu la mwisho ni la kesho asubuhi. Kabla hujawasha mashine, chuchumaa, itafute ile koki ya chini, uifungue. Ikigoma kwa kutu, usiigonge kwa nyundo mtungi ukiwa na upepo, na usiwashe mashine hiyo mpaka koki ibadilishwe na mtungi ukaguliwe.